Kifungu cha Tisa

Babu aliuza kiwanda Jumatatu moja ya mwaka themanini na sita,
akauza na jina.
Ukurasa wa nne, kifungu cha tisa, wino wa buluu:
ukoo wa Ghergari hautaliandika tena jina hilo
juu ya ala yoyote yenye mvukuto.
Naruhusiwa kuliandika kwenye jeneza,
kwenye pakiti ya tambi, kwenye viatu vya watoto.
Nilimuuliza wakili: na kifua changu je,
nacho si hujaa na kupwa?
Hakucheka. Alinitoza saa nzima.

Basi tumeketi, Castelfidardo, karakana ya juu,
harufu ya nta na gundi hadi kwenye mkate.
Kodiani yetu ya kwanza iko mezani, imefumba mdomo,
nyekundu kama goti lililochubuka,
na pale mbele, juu ya wavu wa shaba,
matundu mawili ya skrubu yanangoja kibao.

Binamu Quinto ataka jina la Kijerumani;
dunia, asema, huwaamini Wajerumani kwa skrubu.
Shemeji katoka Ancona na michoro ya duara:
silabi mbili, mwisho irabu,
litamkike Seoul, litamkike Bogotá,
lisimkwaze mtu ulimi.
Tukapata Veluna. Ni shampuu.
Tukapata Orfalia. Ni dawa ya minyoo ya ng'ombe.
Tukapata Sorè, fupi, zuri, tukaanza kumimina divai,
Ilir, seremala wetu, akashika tama:
kwetu Shkodra, huyo ni kunguru.

Shangazi Delvina ana kipimo chake.
Hushuka ngazi hadi uani, akaliita jina
kama anayemwita mtoto aje kula.
Jina lisilobeba ukelele, asema,
si jina, ni namba ya simu.
Kumi na saba ameyaita jioni hii.
Moja aliliitikia mbwa wa jirani. Tukalifuta.

Waliosema chema chajiuza
hawakuwahi kujaza fomu ya usajili wa chapa.

Saa nne usiku nilichoka na herufi.
Nikashusha rafuni kodiani kuukuu ya mteja, iliyoletwa kutengenezwa,
jina letu usoni kwa herufi za dhahabu,
jina langu, nisiloruhusiwa.
Nikang'oa pini, nikaufungua mvukuto,
nikazitoa ndimi za chuma moja moja,
na pale, kwenye ubao ambao mpigaji haoni kamwe,
mwandiko wa babu, kwa penseli:
Tarehe 9 Machi. Mvua. Goti lauma. Noti ya la imekataa mara tatu.
Nikafungua ya pili: Theluji. Mke kanuna.
Ya tatu: Leo imeimba kabla sijaigusa.

Lapis, nikasema.
Ndivyo tuiitavyo penseli huku kwetu.
Quinto akaruka: lakini penseli hufutika!
Nikamwambia: sisi, binamu, tuliuzwa kwa wino.

Shemeji akahesabu kwa vidole. Silabi mbili, sawa,
ila mwisho konsonanti. Akasita. Akala zeituni.
Shangazi alikwisha fika kwenye ngazi.
Tukamsikia uani, ndani ya ukungu unaopanda kutoka bondeni,
La-pis! La-piiis!
kwa sauti ile ya chakula kinapoa,
na sote mezani, hata Ilir,
hata shemeji na kokwa yake mdomoni,
tukageuza shingo.

Kibao kitafika Ijumaa.
Usiku huu, kabla sijazigandisha ndimi kwa nta,
nimelamba ncha ya penseli kama alivyokuwa akilamba,
nikaandika mahali pasipofika wakili:
Tarehe 12 Novemba. Ukungu.
Goti bado zima.